Mgonjwa anahara: chanzo utakijuaje kabla ya kuandika fomu ya maabara?

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya Kanda ya Ziwa, nina miaka mitatu kazini. Hapa kwetu kila mgonjwa wa kuhara anaandikiwa kupima choo na Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi. Majibu yakirudi, mara nyingi ni amiba, au taifodi, au vyote viwili, na karibu wote tunawapa metronidazoli na siprofloksasini. Wengi wanapona, lakini wapo wanaorudi. Sasa hivi nina baba mmoja wa miaka 46 anayehara kwa miezi miwili. Ameshapewa metronidazoli mara nne na uzito unaendelea kushuka. Nifanyeje nijue chanzo halisi cha kuhara kwa vipimo hivi hivi tulivyonavyo?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Utaratibu unaoueleza hauko kwenye kituo chako peke yake. Nimeukuta zahanati za vijijini na nimeukuta hospitali za mikoa. Nitakujibu kwa kirefu, na huyo baba nitamfikia, ila tuanzie mbali kidogo.

Chanzo cha kuhara kwa sehemu kubwa unakipata kitandani kwa mgonjwa: kwa kumsikiliza, kumpapasa tumbo, na kukiona choo chenyewe kwa macho yako. Maabara inakuja baadaye, na inakuja kujibu swali moja ambalo unajua kabisa jibu lake litabadilisha nini kwenye matibabu. Kipimo kinachoandikwa kwa kila anayeingia mlangoni hakina swali, kwa hiyo na jibu lake halina maana.

Kwanza hakikisha ni kuhara kweli. Tunaita kuhara pale choo kinapokuwa cha majimaji au laini kupita kawaida mara tatu au zaidi ndani ya saa 24. Wapo watu wazima wanaosema wanaharisha, ukiwahoji vizuri unakuta wanakwenda chooni mara nyingi lakini choo kina umbo lake. Wapo pia wachanga wanaonyonya maziwa ya mama peke yake, wenye choo laini cha njano mara sita kwa siku, na hawana ugonjwa wowote.

Ukishathibitisha, pima upungufu wa maji kabla ya kuwaza chanzo, kwa sababu huo ndio unaoua leo. Angalia hali ya mgonjwa kwa jumla, macho, jinsi anavyokunywa, na ngozi ya tumbo ukiifinya na kuiachia. Mtoto aliyelegea sana au kupoteza fahamu, macho yamedidimia, kunywa hawezi, ngozi inachukua sekunde mbili au zaidi kurudi: zikiwepo dalili mbili kati ya hizo, huyo ni wa dripu sasa hivi, mililita 100 kwa kila kilo ya uzito, na historia utaichukua kwa mama huku maji yanaingia. Mtoto mwenye utapiamlo mkali usimpime kwa ngozi na macho peke yake, wala usimkimbizie dripu kwa kasi hiyo. Yeye ana mwongozo wake na moyo wake hauhimili maji mengi kwa ghafla.

Baada ya hapo nauliza mambo matatu: choo kikoje, ni siku ngapi, na nani mwingine anaumwa nyumbani au mtaani. Majibu ya maswali hayo yanakupunguzia orodha ya vyanzo kuliko kipimo chochote ulicho nacho hapo kituoni.

Tuseme ni mtoto wa chini ya miaka mitano, anahara maji, hakuna damu, siku ya pili au ya tatu. Huyu choo chake hakihitaji darubini. Utafiti mkubwa wa GEMS, uliochapishwa mwaka 2013, uliwachunguza watoto wa umri huo katika nchi saba za Afrika na Asia, zikiwemo Kenya kule Siaya na Msumbiji kule Manhiça. Kwa watoto waliohara kiasi cha kuwa hatarini, vimelea vilivyoongoza vilikuwa vinne: virusi vya rota, kriptosporidi, aina ya E. koli inayotoa sumu, na shigela. Amiba haikuwamo.

Na kuna jambo jingine kwenye utafiti ule ambalo natamani kila tabibu alikumbuke anapoipokea karatasi ya majibu. Walipimwa pia watoto wa maeneo yale yale ambao hawakuwa wakihara, na zaidi ya theluthi mbili yao walikutwa na angalau kimelea kimoja kwenye choo. Jiardia ndiyo ilionekana zaidi ya wote kuishi tu tumboni bila kuhusika na kuhara kule. Haydom, mkoani Manyara, watoto walifuatiliwa tangu wachanga katika utafiti wa MAL-ED, na huko nako vimelea vilijaa hata kwenye choo cha mtoto anayecheza. Kwa hiyo ukiambiwa kimeonekana kimelea, umeambiwa kwamba kimo. Kama ndicho kinachomharisha mtoto huyu leo, bado hujaambiwa.

Mtoto wa namna hii mpe ORS, zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14 (miligramu 10 kama hajafika miezi sita), na aendelee kunyonya na kula. Chanjo ya rota, iliyoanza kutolewa Tanzania mwaka 2013 na Kenya mwaka 2014, inazuia kuhara kukali, lakini aliyechanjwa anaweza bado kuhara, na matibabu ni hayo hayo. Antibiotiki hapa haimsaidii.

Kabla hujamruhusu, hakikisha chanzo kiko tumboni kweli. Malaria kwa mtoto inaweza kuja na kutapika na kuhara. Nimonia na usaha wa sikio vilevile. Kipimo cha haraka cha malaria kwa mtoto mwenye homa ni kipimo chenye swali, na jibu lake linabadilisha dawa. Mwingine wa kumwogopa ni mtoto wa miezi kama minne hadi mwaka mmoja anayelia kwa vipindi huku akikunja miguu, anatapika, kisha anatoa damu na kamasi bila choo chenyewe. Huyo huenda utumbo wake umeingiana. Ukimwandikia dawa ya kuhara damu ukamrudisha nyumbani, unampoteza. Mpeleke kwa daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo.

Kwa mtu mzima anayehara maji mengi kwa ghafla, swali linalonijia kwanza ni kipindupindu. Choo kinafanana na maji yaliyooshewa mchele, mara nyingi hakuna homa, tumbo haliumi sana, na mgonjwa anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Anafika amekauka, sauti imekwisha, misuli ya miguu inakaza. Hapo usisubiri uthibitisho ndipo uanze maji. Lakini chukua choo au pamba ya njia ya haja kubwa kabla ya kumpa antibiotiki, iweke kwenye chombo cha Cary-Blair (chenye dawa ya kuhifadhi vijidudu safarini), isiwekwe kwenye friji, na itume kwenye maabara inayoweza kuotesha. Kipimo cha haraka cha kipindupindu kinakusaidia kushtuka mapema. Kuthibitisha mlipuko ni kazi ya kuotesha. Toa taarifa wilayani siku hiyo hiyo, hata kwa mgonjwa mmoja unayemshuku. Goma, mashariki mwa Kongo, Julai 1994, kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi ndani ya wiki chache, na waliokuwapo wanajua kilichokosekana kilikuwa maji na mikono ya kuyatoa. Dar es Salaam ilionja mlipuko wake kuanzia Agosti 2015, ukasambaa mikoani.

Sumu ya chakula nitaipitia haraka, maana saa ndizo zinazosema. Waliokula pamoja shughulini wakaanza kutapika ndani ya saa moja hadi sita, fikiria sumu ya stafilokokasi au kiporo cha wali. Wakianza kuumwa tumbo na kuhara baada ya saa nane hadi 16, ni sumu nyingine, mara nyingi ya nyama iliyopikwa ikaachwa ipoe polepole. Ikichukua siku moja au mbili na homa ikiwepo, ni salmonela au wenzake. Wengi wa hawa wanapona kwa maji tu.

Sasa damu. Hapa ndipo amiba imetuharibia kazi kwa miaka mingi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mgonjwa akihara damu kwa ghafla, ana homa, tumbo linasokota, anakimbilia chooni kila mara na kinachotoka ni kidogo chenye damu na kamasi, chanzo cha kwanza kufikiria ni shigela. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mtoto anayehara damu atibiwe shigela kwanza, na dawa ya mstari wa mbele ni siprofloksasini, miligramu 15 kwa kilo mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Mwangalie tena baada ya siku mbili. Damu ikipungua, homa ikishuka na mtoto akirudi kula, umepata jibu. Asipopata nafuu, badili dawa kwa kufuata usugu unaojulikana eneo lako, na kama kuna uwezekano tuma choo kioteshwe. Metronidazoli inakuja baada ya hapo, au kama maabara imeona amiba hai yenye chembe nyekundu za damu ndani yake.

Hicho kipande cha mwisho ndicho cha kushika. Kuna amiba mbili zinazofanana kabisa kwenye darubini: histolitika, inayochimba utumbo, na dispari, inayokaa tumboni bila kudhuru mtu. Zilitenganishwa rasmi kuwa viumbe viwili mwaka 1993. Vifuko vyao, vile vinavyoandikwa kwenye majibu kama "sisti za amiba", hakuna mtaalamu wa maabara duniani anayeweza kuvitofautisha kwa jicho. Kwa hiyo jibu la sisti kwa mtu anayehara maji ni jibu la kuweka pembeni. Amiba iliyomeza chembe nyekundu ndiyo inayokupa haki ya kusema huyu ana kuhara damu kwa amiba.

Na ili uione, choo lazima kifike darubini kikiwa cha moto, ndani ya nusu saa. Kilichobebwa kutoka nyumbani asubuhi kwenye kopo, kikasubiri foleni hadi saa saba mchana, amiba imeshakufa, na kinachoonwa hapo mara nyingi ni chembe nyeupe za usaha zinazosomwa kimakosa. Mweleze mgonjwa atoe choo hapo hapo kituoni, na mwambie mwenzako wa maabara kwamba unakileta. Mwombe pia aandike kiasi cha chembe nyeupe na nyekundu. Zikiwa nyeupe nyingi mno, shigela inapata nguvu. Kwenye amiba damu huonekana lakini chembe nyeupe mara nyingi huwa chache, kwa sababu amiba inaziua. Historia nayo inatofautiana: shigela inaangusha mtu kwa siku moja au mbili, amiba inajivuta kwa wiki moja hadi tatu, na wengi hawana homa.

Mtoto aliyehara damu kisha akawa mweupe viganjani na mkojo ukapungua, mpeleke hospitali haraka. Figo zake ziko hatarini.

Kwenu Kanda ya Ziwa damu chooni ina chanzo kingine ambacho naona kinasahauliwa: kichocho cha matumbo. Mvuvi, mchota maji, kijana anayeogelea ziwani, anayepata vipindi vya kuhara na damu kidogo kwa miezi, ini au bandama limevimba. Huyo apimwe choo kwa njia ya Kato-Katz kutafuta mayai ya kichocho, na dawa yake ni prazikwanteli.

Kuhusu Widal nitasema machache. Ni kipimo cha mwaka 1896, na kinasoma kinga ambayo inaweza kuwa imetokana na ugonjwa wa miaka iliyopita, chanjo, salmonela nyingine, hata malaria. Widal moja kwa mgonjwa anayehara bila homa ya siku kadhaa haina kazi. Homa ya matumbo, yaani taifodi, ni ugonjwa wa homa kwanza. Mtu mzima anaweza hata kukosa choo badala ya kuhara. Ukiishuku kweli, kinachoithibitisha ni kuotesha damu. Ningekuwa na madaraka kituoni kwako, Widal ningeiondoa kabisa kwenye fomu ya kuhara.

Nimfikie sasa yule baba. Miezi miwili ni kuhara sugu, na hapo ramani yote inabadilika, kwa kuwa vimelea vya kawaida vya kuhara vingekuwa vimeshaondoka. Metronidazoli ya mara ya nne haikuwa na nafasi ya kumponya zaidi ya ile ya kwanza. Nisingeandika kitu kingine kabla ya kipimo cha VVU. Mwaka 1985 David Serwadda na wenzake waliandika kuhusu ugonjwa waliouona Rakai na Masaka nchini Uganda, jirani kabisa na Kagera, ambao wenyeji waliuita "slim": kuhara kusikokoma, homa, na mwili kukonda mpaka kuisha. Ndivyo UKIMWI ulivyojionyesha kwetu mwanzoni, na bado unajionyesha hivyo kwa mtu ambaye hajapimwa. Akiwa tayari anatumia ARV, usitulie. Uliza wingi wa virusi na jinsi anavyomeza dawa.

Akiwa na VVU na kinga imeshuka, vimelea vya kriptosporidi na sistoisospora vinapanda juu ya orodha, na kwa darubini ya kawaida havionekani kirahisi. Vinahitaji rangi ya Ziehl-Neelsen iliyorekebishwa, na mtaalamu wenu anayepima makohozi ya kifua kikuu karibu kila kitu anacho. Ila usipomwandikia jina la unachotafuta hawezi kuipaka. Omba choo cha siku tatu tofauti, kwani havitoki kila siku. Tofauti ya viwili hivi ina maana kubwa: sistoisospora inatibika kwa septrini, wakati kriptosporidi inaondoka kinga inaporudi kwa ARV. Kifua kikuu cha matumbo nacho kitafute: homa za jioni, jasho la usiku, maji tumboni, uvimbe upande wa chini kulia.

Kipimo cha VVU kikiwa hasi, keti naye tena na kalamu. Muulize dawa zote anazotumia. Metfomini ya kisukari inaharisha watu wengi kuliko tunavyodhani. Dawa za vidonda vya tumbo zenye magnesiamu zinaharisha. Antibiotiki zenyewe zinaharisha, na baada ya mizunguko minne hilo lazima uliwaze. Muulize kwa heshima kuhusu dawa za miti shamba za kusafisha tumbo. Majani ya sanamaki ni ya kuharisha kwa asili yake, na mgonjwa hatakutajia kwa sababu haoni kama ni dawa. Muulize kama anaamshwa usiku na kuhara. Tumbo lenye wasiwasi tu halimwamshi mtu usingizini. Likimwamsha, tafuta ugonjwa. Choo kingi chenye mafuta, kinachoelea na kunuka sana, kinaelekeza kwenye utumbo mwembamba au kongosho. Choo kidogo cha mara nyingi chenye damu na kamasi kinaelekeza kwenye utumbo mpana.

Halafu mpapase shingo kwa tezi, hesabu mapigo, angalia kama mikono inatetemeka, maana dundumio likifanya kazi kupita kiasi linaharisha na kukondesha. Pima sukari na wingi wa damu. Na mfanyie kipimo cha kidole njia ya haja kubwa. Najua kinaonewa haya na mgonjwa na tabibu, lakini mtu wa miaka 46 anayekonda na kuhara hana ruhusa ya kuondoka bila kipimo hicho. Saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo mara nyingi iko mahali ambapo kidole kinafika, na nimeona wagonjwa waliozunguka na dawa ya amiba miezi mingi kabla mtu hajaweka kidole. Damu ikiwa pungufu bila sababu, au ukigusa uvimbe, mwandikie rufaa ya kupimwa utumbo kwa kamera, na kwenye barua eleza ulichokigusa.

Kwa wazee wako wengine hapo wodini, kidole hicho hicho kitakuonyesha jambo la kushangaza: choo kigumu kimeziba, na yale majimaji yanayotoka pembeni ndiyo yanayoitwa kuhara. Dawa ya kufunga kuhara inamzidishia.

Mtoto aliyevuka siku 14 naye usimrudishie dawa zile zile. Mpime uzito na mzunguko wa mkono, mpime VVU kwa utaratibu unaofaa umri wake, angalia mkojo na kifua kama kuna maambukizi mengine, na uliza maziwa anayopewa. Lishe kwa huyu ni sehemu ya tiba kama ilivyo dawa.

Umeniambia vipimo vyenu ni vichache. Vinatosha kwa wengi, ukibadilisha kitu kimoja kwenye fomu. Badala ya kuandika "choo" tu, andika: "Kuhara damu siku 10, hana homa, naomba kuangalia amiba yenye chembe nyekundu, choo kinaletwa sasa hivi." Au: "Kuhara wiki nane, VVU chanya, naomba rangi ya kriptosporidi." Mtaalamu wa maabara aliyepewa swali anakujibu swali. Asiyepewa anaandika kinachoonekana, na mara nyingi anahisi lazima kitu kiandikwe kwa sababu mgonjwa amelipia.

Na mama atakayekuambia "Dokta, hujampima mtoto wangu choo," usimjibu kwa haraka. Mwonyeshe ngozi ya tumbo inavyorudi, mwonyeshe ulimi ulivyo na maji, mwambie kwa nini hii haihitaji dawa ya kukata kuhara wala sindano. Mchanganyie ORS ya kwanza mbele yake, pakiti nzima kwenye lita moja ya maji safi, na aanze kumnywesha kwa kijiko hapo hapo kwenye benchi. Kisha mpe sababu za kurudi bila kusubiri tarehe: damu chooni, kutapika kila anachopewa, kushindwa kunywa au kunyonya, homa, au mtoto kulegea.

Majibu ya VVU na kipimo cha kidole cha yule baba yakiwa tayari, niandikie. Weka na namba ya wingi wa damu yake.